Waliotupangia programu zote za ofisi ziishe siku moja: nawapa nyota tatu na nusu

Jina la ofisi yao siliandiki maana nitawasifu na nitawasema pia, ila wako Arusha mjini, ghorofani, ngazi nyembamba ile unapishana na mtu kwa ubavu, upande wa Goliondoi. Wanatengeneza kompyuta na kuuza leseni za programu, na Julai 2024 bosi wangu aliwapa laki nane watupangie programu zetu zote tunazolipia ziwe zinaisha tarehe moja. Mimi ni mhasibu kwenye kampuni ndogo ya safari huku Njiro, tuko watu 14, na kazi yote iliishia mezani kwangu kwa hiyo naijua mwanzo mpaka mwisho.

Tulifikaje huko. Tarehe 22 Aprili 2024, na mtu wa safari anajua Aprili ilivyo, masika yamekolea, sizoni imekata, landikruza zimepaki yadini majani yanaota hadi kwenye matairi. Tukapata wageni wanne wa kubahatisha, nakwenda kulipia viingilio vyao vya hifadhi, kadi inagoma. Narudia, inagoma. Nafungua meseji za benki nakuta dola 2,640 zimekatwa alfajiri na ile programu ya rizavesheni tunayoipata kwa watu wa nje, leseni 8 za mwaka mzima, wakati dawati la rizavesheni lilishabaki na watu 5. Nikawaandikia wenye programu, wakajibu kwa adabu zote kwamba mkataba unasema ukitaka kuacha au kupunguza utoe notisi siku 60 kabla, yaani tulitakiwa kusema Februari. Na ukumbusho walituma kweli, sikatai, ila uliingia kwenye imeili ya kijana aliyesaini mkataba, ambaye aliondoka kitambo na imeili yake tuliifunga sisi wenyewe. Kwa hiyo taarifa ilifika kaburini. Bosi alinyamaza kama dakika tano nzima halafu akauliza, "Mama, hivi tuna programu ngapi zinazojikata hivi?" Sikuwa na jibu, na mimi ndio mhasibu.

Ndio tukawapata hawa jamaa. Wakamtuma chalii mmoja mpole hivi, amevaa ndala, nikajua leo tumeliwa. Kumbe ana akili. Kitu cha kwanza alichosema: "Dada, naomba statimenti ya kadi ya miezi 13." Nikamuuliza kwa nini isiwe 12, akasema malipo ya mwaka yanaweza kukatwa tarehe 5 mwaka huu na mwaka jana yalikatwa tarehe 3, ukichukua miezi 12 kamili kuna kitu kitachuruzika katikati usikione. Tukakaa naye na kalamu mbili za rangi, mstari kwa mstari, kutwa nzima, chai tukanywea hapohapo. Hiyo siku peke yake kwangu mimi ilirudisha laki nane. Tulikuta tunalipia Zoom mbili, moja ya ofisi na moja ya bosi ambayo alishaisahau, Canva ya kutengenezea matangazo inalipiwa na watu wawili wanaokaa meza moja, na Dropbox, ya kuhifadhia mafaili, ya mwongoza wageni aliyeacha kazi 2023 ambayo ndani yake kuna picha za simba tu. Zote hizo tulizifunga kabla ya kupanga tarehe yoyote, na hapo chalii alikuwa mkali, anasema hakuna haja ya kupangia takataka ratiba.

Halafu likaja la tarehe yenyewe, hapa ndio palikuwa na ubishi. Bosi anataka 1 Januari, mwaka mpya mambo mapya, nikamwambia Januari kuna ada za watoto, watumishi wote wanaomba advansi na kodi ya pango inadaiwa. Chalii akapendekeza Juni kwa sababu Microsoft wanafunga mwaka wao wa mahesabu 30 Juni na wauzaji wanakuwa na haraka ya kufikisha malengo. Wazo zuri kwa kampuni kubwa, lakini sisi Juni ndio wageni wanaanza kumiminika, nani atakaa chini kubishana bei na mtu wa leseni wakati magari sita yako Serengeti? Tukaangukia 30 Novemba. Hela ya Julai mpaka Oktoba inakuwa bado ipo benki, mvua za vuli zimetuliza ofisi, na wageni wa Krismasi hawajafika. Ukiwa na biashara yako usiige tarehe ya mtu, angalia mwezi gani una hela na una muda, vyote viwili.

Kuzisogeza sasa. Watu wanadhani unapiga simu tu unasema nihamishieni Novemba, hakuna kitu kama hicho. Kila programu ina tabia zake. Microsoft 365, ile ya Word, Excel na imeili, ukiwa umenunua ya mwaka kupitia wakala una siku 7 za mwanzo za kughairi au kupunguza idadi, zikipita hapo kuongeza unaweza muda wowote ila kupunguza unasubiri mpaka mwisho. Ila wana kitu kizuri, unaponunua au unapolipia upya wakala wako anaweza kukuchagulia siku ya kuishia, ilingane na leseni nyingine uliyonayo au iwe mwisho wa mwezi, na unalipia zile siku tu. Zetu zilikuwa zinaisha Mei 2025, tukazilipia mpaka 30 Novemba basi. Adobe ya yule kijana wa picha ilikuwa ni ile ya mwaka inayolipwa kila mwezi, na masharti yao ukivunja baada ya siku 14 unadaiwa nusu ya miezi iliyobaki, kwa hiyo tukaiacha iishe yenyewe kisha tukakaa miezi michache kwa bei ya mwezi kwa mwezi, ghali kidogo lakini inavumilika. Antivairasi haikusumbua. Domeini ya .co.tz, yaani jina la tovuti yetu, ndio haisogei, ukilipia inaongeza mwaka kuanzia pale ilipoishia, tukaiacha Agosti yake huko na nimeibandika kwenye kalenda ya ukutani, ile ya benki.

Programu ya rizavesheni ndio ilikuwa na vita. Tulishafungwa mpaka 22 Aprili 2025, hakuna ujanja. Chalii akaniandikia barua ya notisi, mistari minne, kwamba hatutaendelea kwa masharti haya, nikaituma 10 Februari ili zile siku 60 zisitukute tena. Nilikuwa naogopa watatufungia, akanituliza kwamba notisi haimaanishi mmeachana, inaondoa mtego tu. Wewe, kesho yake asubuhi muuzaji wao anapiga simu! Mtu ambaye miezi kumi hata salamu hakuna. Tukamwambia sisi sasa tunaamua mambo ya programu zote mara moja kwa mwaka, Novemba, na yeye atawekwa mezani na wenzake, kwa hiyo tupe leseni 5 mpaka 30 Novemba, notisi iwe siku 30, na taarifa zije kwenye imeili ya ofisi na sio ya mtu. Akakubali yote kwenye simu. Na kwa kweli hapo ndio nikaona maana ya hii kazi, zamani kila muuzaji alikuwa anatukuta peke yetu, siku yake, sisi hatujajiandaa. Sasa anakuja siku yetu.

Lakini sasa nyota moja na nusu zimeenda wapi.

Profoma, yaani ankara ya kabla ya kulipa, ya hiyo miezi ya kuunganisha rizavesheni mpaka Novemba ikaja dola 1,320. Jamaa wakanifowadia na neno moja, "Iko poa dada." Mimi nikakaa na kikokotoo. Bei yetu ya mwaka ni dola 330 kwa leseni, tano ni 1,650. Kuanzia 22 Aprili mpaka 30 Novemba ni siku 223. Gawa kwa 365, inakuja 1,008. Hiyo 1,320 imetoka wapi? Nikazunguka nayo mpaka nikaipata: wamepiga dola 33 kwa mwezi, ambayo ni bei ya mtu asiye na mkataba, badala ya 27 na nusu yetu, halafu wamehesabu miezi 8 kamili wakati haikamiliki. Dola 312 zinapotea kwa "iko poa". Nikaandika imeili yenye hiyo hesabu, profoma mpya ikaja siku mbili baadaye bila hata maelezo. Sasa jamani, kama nimekulipa unisimamie halafu mimi ndio nakagua, nimekulipia nini? Mwenye mpango kama huu hicho kipande cha katikati akikague kwa siku na kwa bei yake ya mwaka, wala asimwachie mtu.

La pili, hawa jamaa wenyewe ni wauzaji wa leseni. Sio siri na sio dhambi, ila ujue. Walitusukuma tuchukue Microsoft ya miaka mitatu "bei isipande", na hawakuwahi hata siku moja kusema tupunguze idadi. Mimi ndio niliyeona kuna leseni tatu kamili za madereva wanaosoma imeili kwenye simu tu, hizo tukazishusha kwenye Business Basic, ile Microsoft ya bei ya chini, tulipolipia upya Mei. Wakasema "aah kweli". Kweli nini sasa, si kazi yenu?

La tatu ndio lilinipandisha presha. 30 Novemba 2025 ilikuwa Jumapili. Ukishaweka kila kitu siku moja, siku hiyo ikikosewa inakosewa yote, imeili, rizavesheni, antivairasi, kila kitu, na benki Jumapili huhamishi hela ya nje. Kwa hiyo ilitakiwa Ijumaa tarehe 28 kila kitu kiwe kimelipwa. Ukumbusho wao umeingia WhatsApp Jumamosi saa tatu usiku! Bahati nilishalipa Jumatano maana sikuwaamini tena baada ya ile profoma.

Na nimshukuru Mungu kwenye lile la notisi. Siku 30 kabla ya 30 Novemba ni 31 Oktoba, na mnakumbuka intaneti ilivyozimwa nchi nzima kuanzia 29 Oktoba siku ya uchaguzi, siku kadhaa hakuna imeili inayotoka. Ningesema nisubiri siku ya mwisho ningekuwa nimejilipisha mwaka mwingine kimya kimya. Niliituma katikati ya Septemba kwa sababu chalii alinifundisha notisi unaituma mapema kama nauli ya Krismasi unavyokata mapema, sifa hiyo ni yake simnyimi.

Kuhusu hela yenyewe kuwa kubwa siku moja, bosi alishtuka kuona jumla ya milioni 11 na laki 4. Sio kwamba imeongezeka, zamani ilikuwa inatoka vipande vipande haiumi. Nilichofanya nimefungua akaunti pembeni, kila mwezi natupia laki tisa na nusu, tunaita kibubu, na masika yakifika na njaa yake hakuna ruhusa kuigusa hata kwa mafuta ya gari. Wakala alituambia tunaweza kuunganisha tarehe halafu tukaendelea kulipa kwa mwezi, ni kweli, ila Microsoft tangu 1 Aprili 2025 mkataba wa mwaka unaolipwa kila mwezi umeongezwa asilimia 5, kwa hiyo kama hela ipo lipa yote. Kama haipo, usikope kwa ajili ya hiyo asilimia 5, riba itakula zaidi.

Mwisho wa siku Novemba ilikuwaje? Asubuhi moja tu. Mimi, bosi, dada wa rizavesheni na karatasi moja. Tukauliza kila mstari nani anatumia, Zoom ikashushwa daraja, rizavesheni tukabaki na 5 kwa bei ileile 330 na muuzaji akasaini kwamba haipandi miaka miwili, na saa sita tukaenda kula. Mwaka wa nyuma hayo mambo yalikuwa yananila kichwa miezi tisa kati ya kumi na mbili.

Basi tatu na nusu. Kwa ile statimenti ya miezi 13 na zile notisi wangepata tano, ila kwa kukagua profoma na kukumbusha ni mbili, na hapo nimewahurumia. Januari 2026 wameniletea bei ya kuendelea nao mwaka mzima, wameandika kwa dola. Nimeirudisha, kanuni za 2025 zinataka huduma ya humu ndani iandikwe kwa shilingi, tena wao wako ngazi mbili kutoka benki wanajua fika. Imerudi kwa shilingi, imepungua kidogo, bosi amesema tuwape mwaka mmoja.

Nimewaandikia kwamba ukumbusho nautaka 1 Septemba, sio Jumamosi usiku. Wamejibu "sawa dada" na kidole gumba. Alamu yangu nimeshaiweka.