Seti ya Kuondoa Balansi Shafti: Nimeifunga, Nimeiendesha, Sasa Niwaambie

Haya wadau, karibuni. Hapa mezani kuna seti ya kuondoa balansi shafti, zile shafti zenye uzito zinazozunguka ndani ya injini kupunguza mtikisiko, kwenye injini ya 4G63, ile ya lita 2.0 ya Mitsubishi. Nimeifunga kwenye gari langu mwenyewe, na kuna jambo ambalo karatasi ya maelekezo haikulitaja kabisa, nusura niue injini. Tutalifikia.

Sogea uone. Hiki kipande kinachoenea kiganjani ni shafti fupi, inakaa kwenye gia ya pampu ya oili badala ya ile ndefu. Hiki ni kizibo cha tundu la shafti ya pili. Basi, ndiyo yote. Uchongaji siulaumu: napitisha ukucha hapa, haukwami popote.

Lakini kabla hujang'oa kitu, jua kilikuwa kinafanya nini. Injini ya silinda nne za mstari mmoja, pistoni mbili zikipanda, mbili zinashuka. Ungedhani zinafutana. Hapana. Kwa namna konektingi rodi, ule mkono unaounganisha pistoni na kranki (shafti kuu ya injini), inavyolala na kusimama, pistoni inakimbia zaidi nusu ya juu ya safari yake kuliko nusu ya chini. Kinachobaki ni mtikisiko wa juu na chini, mara mbili kwa kila mzunguko wa kranki, na raundi zikiongezeka mara mbili, nguvu yake inakuwa mara nne. Mwingereza Frederick Lanchester alilitatua hilo mwanzoni mwa karne ya 20 kwa shafti mbili zenye uzito upande mmoja, zinazozunguka kinyume kwa kasi mara mbili ya kranki. Mitsubishi wakaliendeleza miaka ya 1970, hata Porsche wakachukua leseni kwao kwa ajili ya gari lao la 944. Kwa hiyo anayekuambia hizi shafti ni mapambo, mwache aongee.

Mbona tunazitoa basi? Shida ni kimkanda. Shafti ya mbele inavutwa na mkanda wake mwembamba uliojificha karibu na ule wa taimingi, mkanda mkubwa unaofanya valvu zifunguke kwa wakati wake. Kikikatika, vipande vinaingia kwenye mkanda mkubwa, mkanda unaruka meno, valvu zinakutana na pistoni. Hapo fundi hakupi habari njema.

Sasa lile jambo. Shafti zinalala kwenye bushi, yaani ringi za chuma zinazozishika, na bushi zina matundu yanayopitisha oili. Ukitoa shafti ukaziacha bushi zilivyo, matundu yanabaki wazi, oili inamwagika kurudi kwenye sampu, bakuli la oili chini ya injini, kabla haijafika inakotakiwa. Lazima uzitoe uzigeuze tundu lisikutane na njia ya oili kwenye bloku (mwili wa injini), au uweke mpya zisizo na tundu. Mimi moja niliigeuza vibaya. Injini ikiwa baridi, geji ya presha ya oili safi kabisa. Ilipopata moto, nimesimama tu bila kukanyaga mafuta, mshale ukaanza kulala na taa ya oili ikapepesa. Nikazima palepale, tukaifungua upya. Kazi ya siku nzima kwa sababu ya tundu dogo!

Na wapo wanaokata kimkanda tu, shafti wakaziacha ndani. Jamani, msifanye hivyo. Ya mbele inasimama, ya nyuma inaendelea kuzunguka na pampu. Zikiwa mbili, zinafutiana msukumo wa pembeni. Ikibaki moja, msukumo huo hauna wa kuuzuia, kwa hiyo umeondoa nusu ya dawa na kuongeza ugonjwa mwingine.

Barabarani ikoje? Mwendo wa pole, kawaida tu. Ikipita raundi 3,500 kwa dakika, tazama kioo cha ndani: taa za gari la nyuma si duara tena, ni michirizi. Kichwa cha gia kinaunguruma mkononi. Baada ya saa moja ya mwendo mrefu, viganja vinanyonyota kama umeshika mashine ya kukata majani. Nguvu? Injini inapandisha raundi kwa wepesi kidogo, ila usitegemee kusukumwa mgongo kwenye kiti.

Faida moja niliyoipenda: ukibadilisha mkanda wa taimingi, huhangaiki tena na bisibisi ya milimita 8, ile unayoitumbukiza kwenye tundu la bloku kuhakikisha shafti ya nyuma imekaa sawa. Ikiingia milimita 60 uko sawa. Ikigota kwenye 20 au 25, zungusha gia ya pampu raundi moja, jaribu tena. Wengi huruka hatua hii, kisha injini ikitikisika wanalaumu mauntingi, zile raba zinazoishikilia.

Kwa injini ya mashindano, au iliyoshafunguliwa yote, seti hii nainunua tena bila kusita, nikidai tu maelekezo ya bushi. Kwa gari la kwenda kazini na kurudi, sishushi injini kwa ajili yake. Nabadilisha kile kimkanda kila ninapobadilisha mkanda mkubwa, basi.

Shafti zangu za zamani hizi hapa. Nimezipaka oili, nimezifunga kwenye kitambaa, ziko kabatini. Sijazitupa.