Makumbusho ya Mothman, Point Pleasant: Tuliyoyaona Pamoja na Mama Yangu

Mji wa Point Pleasant, katika jimbo la West Virginia nchini Marekani, umejengwa pale mto Kanawha unapoingia katika mto Ohio, na wakazi wake ni kiasi cha watu 4,000 tu. Kutoka Columbus, tunakoishi, ni mwendo wa saa mbili hivi kwa gari. Tulikwenda Jumamosi moja ya mwezi wa Oktoba, mimi, mke wangu, binti yetu wa miaka kumi na mama yangu mzazi, ambaye alikuwa amekuja kutoka Wete, Pemba, kukaa nasi kwa miezi mitatu. Nilipomweleza mama kwamba tunakwenda kuona makumbusho ya kiumbe mwenye mbawa aliyewatia watu hofu mwaka 1966, alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza, "Mwanangu, hilo ni jambo la kumpeleka mtoto?" Wasomaji wa Pemba na Unguja wameshaelewa kwa nini aliuliza hivyo.

Kiumbe huyo anaitwa Mothman, na kwa Kiswahili tungemwita mtu-nondo. Nimelitafakari sana neno hilo tangu tuliporudi, kwa sababu nondo kwetu ni yule mdudu wa usiku anayezunguka taa, na nondo pia ni kile chuma kirefu cha mafundi ujenzi, na katika mji huu mdogo kisa cha mdudu na kisa cha chuma, yaani cha daraja la mji lililoanguka, vimefungamana kiasi kwamba huwezi kusimulia kimoja ukakiacha kingine. Ubora wa makumbusho haya, kwa maoni yangu, unapimwa kwa jinsi yanavyovishika visa hivyo viwili bila ya kukidhulumu hata kimoja.

Jengo lenyewe ni dogo, liko katikati ya mji, na lina duka upande wa mbele. Mtu anayezoea makumbusho makubwa ya mijini atashangaa kuona kwamba hapa hakuna kumbi za kupotelea. Ukitembea kwa haraka utamaliza kwa dakika ishirini. Sisi tulikaa karibu saa mbili, kwa sababu thamani ya mahali hapa imo katika karatasi zilizowekwa nyuma ya vioo, na karatasi zinahitaji kusomwa.

Kisa kinaanza usiku wa tarehe 15 Novemba 1966. Wanandoa vijana, wake wawili na waume wawili, walikuwa ndani ya gari moja katika eneo ambalo wenyeji huliita TNT, kaskazini ya mji, ambako wakati wa Vita Vikuu vya Pili vya Dunia palikuwa na kiwanda cha baruti. Karibu na mtambo wa umeme uliokwisha kuachwa waliona kitu chenye umbo la mtu, kirefu kuliko mtu wa kawaida, chenye mbawa zilizokunjwa mgongoni na macho mekundu yaliyorudisha mwanga wa taa za gari. Walikimbia kuelekea mjini, nacho, kwa maelezo yao, kikawafuata kikiruka juu ya gari ingawa lilikuwa likienda kasi ya kilomita 160 kwa saa. Hawakwenda kujificha, walikwenda moja kwa moja kwa askari wa wilaya, na kesho yake gazeti la mji likaichapisha habari yao.

Maelezo hayo, yaliyoandikwa kwa mkono na mashahidi wenyewe, ndiyo hazina ya makumbusho haya. Ukisimama karibu unaona mwandiko wa kijana wa miaka ile, si mwandiko wa mtu anayetunga hadithi ili auze, bali wa mtu aliyeketishwa mbele ya meza na kutakiwa aeleze kilichomtokea, tangu alipokuwa hadi alipokimbilia. Iko pia michoro ya kiumbe mwenyewe, mistari michache tu, mabega mapana na mbawa, na macho yamewekwa pale ambapo kifua kingeanza. Binti yangu aliweka kidole chake juu ya kioo akakifuatisha kile kichoro polepole, kisha akasema, "Baba, huyu aliyechora alikuwa anaogopa." Sikuwa na la kuongeza.

Mama hasomi Kiingereza, kwa hiyo nilimtafsiria sentensi kwa sentensi. Alisikiliza mpaka mwisho, akaniambia nirudie mahali wanapokwenda kwa askari, halafu akauliza, "Kwa hivyo hawa waliandikwa?" Nikamwambia naam, waliandikwa siku zile zile. Akasema, "Sisi tulitangaza kwa mdomo tu."

Hapo ndipo alipoanza kusema habari za mwaka 1995, jambo ambalo miaka yote hakupenda kulizungumza mbele ya watoto. Mwaka ule, uvumi wa Popobawa, jini mwenye mbawa kama za popo anayesemwa kuwavamia watu usiku, ulipoenea Pemba na baadaye Unguja, watu walihama vyumba vyao wakawa wanalala nje kwa makundi, majirani kwa majirani, moto umewashwa katikati, kwa sababu ilisemekana kwamba humvamia aliye peke yake ndani ya nyumba. Ilisemekana pia kwamba aliyefikwa lazima awaeleze wenzake waziwazi, asiponena atarudiwa. Kutangaza kulikuwa ndiyo kinga. Lakini maneno yale yaliishia uani na barazani, na mengi niliyoyasoma baadaye juu ya Popobawa yaliandikwa na wageni, wengine kwa kejeli isiyowastahili watu waliokesha na watoto wao mapajani. Nilikuwa mdogo wakati huo, nakumbuka baridi ya mkeka tu. Siku hii, mbele ya kabati la kioo la mji wa Wamarekani, nilisikia kwa mara ya kwanza nani alilala upande gani wa moto wetu.

Nawasifu walioyapanga makumbusho haya kwa sababu hawamlazimishi mgeni kuamini wala kukana. Mtaalamu wa wanyamapori wa Chuo Kikuu cha West Virginia, Dakta Robert L. Smith, alieleza wakati ule kwamba sifa zilizotajwa zinalingana na korongo mkubwa wa Amerika Kaskazini, ndege mrefu mwenye mabaka mekundu kuzunguka macho, ambaye huenda alipotea njia ya safari yake. Wengine wamesema ni bundi, ndege ambaye kwetu naye hasingiziwi machache. Mimi naona maelezo ya ndege ni ya busara, na bado nasema kwamba hofu ya vijana wale ilikuwa ya kweli na ilistahili kuhifadhiwa.

Anatajwa pia Mary Hyre, mwandishi wa gazeti la Athens Messenger aliyekuwa akiishi Point Pleasant na aliyezikusanya habari za mashahidi mmoja baada ya mwingine. Safu yake gazetini ilikuwa na jina lenye maana ya mahali maji yanapochanganyika, kwa ajili ya ile mito miwili. Mji ukiwa na mwandishi mmoja mwenye subira, kisa chake hakipotei.

Kisha linakuja daraja. Silver Bridge lilijengwa mwaka 1928 kuunganisha Point Pleasant na upande wa Ohio, likaitwa hivyo kwa sababu ya rangi yake ya alumini. Halikuning'inizwa kwa kamba za waya zilizosokotwa, bali kwa minyororo ya vyuma virefu vyenye tundu kila ncha, na kila pingili ya mnyororo ilikuwa na vyuma viwili tu. Jioni ya Ijumaa, tarehe 15 Desemba 1967, yapata saa kumi na moja, magari yakiwa yamejipanga juu yake na watu wakitoka kununua vitu vya Krismasi, daraja zima lilianguka mtoni kwa muda wa dakika moja hivi. Walikufa watu 46. Uchunguzi uligundua kwamba chuma kimoja, namba 330, kilikuwa na ufa kwenye tundu lake wenye kina cha milimita mbili na nusu tu, ufa ambao usingeweza kuonekana bila ya kukifungua kiungo. Kilipokatika, mwenzake peke yake hakuweza kuubeba mzigo, na hapakuwa na cha tatu. Magari ya mwaka 1967 yalikuwa mazito kuliko yale ambayo wajenzi waliyafikiria miaka ya 1920. Kwa ajili ya msiba huo, sheria ya mwaka 1968 iliagiza kuwekwe utaratibu wa kukagua madaraja nchi nzima.

Kati ya usiku wa vijana wale na jioni ya daraja ni miezi kumi na mitatu kamili, na ndiyo maana wako wanaosema kiumbe alikuja kuonya, na wengine kwamba alileta laana. Naelewa jinsi akili yenye majonzi inavyounganisha mambo. Lakini hapa nina lalamiko, na halihusu makumbusho. Alasiri tulimlipa mtu mmoja, ambaye sitamtaja, atutembeze kule TNT, kwenye maghala ya zege yaliyofunikwa kwa udongo na majani mpaka yanafanana na vilima. Maghala ni ya kuyaona, na mwangwi wa ndani yake unasisimua. Yeye akawaeleza watoto waliokuwamo garini kwamba Mothman ndiye aliyewaua watu 46, akaigiza mlio wa magari yakitumbukia majini, watu wakacheka. Mke wangu alimwomba aache. Ufa wa milimita mbili na nusu ni jambo la kutisha kuliko mbawa zozote, na ndugu wa marehemu bado wanaishi katika mitaa ile ile. Atakayekodi mtembezaji amuulize kwanza atalieleza vipi daraja.

Vifaa vya filamu ya mwaka 2002 iliyotokana na kisa hiki vimepewa nafasi kubwa katika makumbusho. Wapenzi wa sinema watafurahi, mimi nilivipita. Nje, sanamu ya chuma kisichoshika kutu, kazi ya fundi Bob Roach iliyozinduliwa mwaka 2003, ina urefu wa karibu mita tatu na nusu na kila anayefika hupiga picha nayo. Mwezi wa Septemba hufanyika tamasha linalojaza mji mzima, na anayetaka kusoma zile karatasi kwa utulivu achague mwezi mwingine. Sisi tulibeba vitumbua na chai ya chupa, tukala katika bustani iliyoko mahali mito inapokutana. Mzee atapata pa kuketi. Msiondoke bila ya kufika kwenye kumbukumbu ya daraja, barabara kuu, ambako majina ya marehemu yamechongwa kwenye matofali. Ni karibu, na mama alitembea bila ya taabu.

Nimeyapa makumbusho haya nyota tano, kwa ajili ya yale maandishi ya mkono.

Tulipokuwa tunavuka daraja jipya kurudi upande wa Ohio, mama alimwambia binti yangu, "Mjukuu wangu, huko shuleni mnapewa madaftari?" Akajibiwa, "Ndiyo, Bibi." Usiku ule walikaa jikoni hadi saa nne, mmoja anasimulia, mmoja anaandika, na mara kwa mara nilisikia mama akimzuia: "Ngoja, usiende mbio, lile jina la mwenye nyumba hujaliandika sawasawa."