Mashine ya CNC ya 6090 katika karakana ya mabango Lubumbashi: uchambuzi baada ya kiangazi kizima

Ndugu watazamaji, na hasa ninyi mafundi wenzangu wa mabango mlio Lubumbashi, Likasi na Kolwezi, mashine mnayoiona nyuma yangu ni ile ndogo ya CNC, yaani inayokata yenyewe kwa kufuata programu, ambayo wauzaji huiita 6090, kwa sababu eneo lake la kukatia lina upana wa milimita 600 na urefu wa milimita 900. Nimeitumia tangu mwanzo wa kiangazi hadi mvua za kwanza, nikikata pleksi (ile plastiki ngumu kama kioo), PVC na alukobond (plastiki iliyobanwa kati ya mabati mawili membamba ya alumini), na niliinunua kwa fedha zangu mwenyewe. Muda mwingi nitautumia kwenye kitu ambacho hakionekani katika picha za matangazo, yaani kile kisanduku cha mkononi cha kuiongozea, kwa kuwa ndicho kilichoamua kama mashine hii inaufaa mji wetu au la.

Tumalize kwanza suala la ukubwa, maana kila anayeingia karakanani huanza nalo. Bamba zima la pleksi lina milimita 1220 kwa 2440, kwa hiyo ukilipasua katikati na msumeno ukala unene wake, kila upande unabaki na milimita 608 hivi, nane zaidi ya zile ambazo mashine inaweza kuzifikia. Wengi hulalamika sana juu ya hizo milimita nane. Mimi sioni tatizo, kwa sababu pembezoni unahitaji nafasi ya vibano vya kushikilia bamba, na herufi ya duka la kawaida haifiki hata nusu ya kipimo hicho. Anayepata kazi za mabango makubwa ya barabarani kila wiki, huyo anunue ile kubwa ya 1325, ya milimita 1300 kwa 2500, na atafute chumba cha kuiweka.

Mashine ilipita njia ambayo mizigo mingi yetu hupita: bandari ya Dar es Salaam, Tunduma, Zambia nzima, kisha Kasumbalesa. Safari ya namna hiyo huuacha mkono wake, ule unaobeba kifaa cha kukatia, umepinda kidogo hata kama sanduku halina mkwaruzo. Kabla hujakata kazi ya mteja, kata mstatili wa milimita 300 kwa 400 kwenye kipande cha PVC, kisha pima kimshazari, kutoka pembe hadi pembe iliyo mkabala. Mishazari yote miwili inapaswa kutoa 500 kamili. Yangu ilitoa 501 na nusu kwenye mshazari mmoja na pungufu ya 499 kwenye wa pili, nikalegeza bolti za mkono, nikausukuma kwa ngumi, nikakaza na kupima upya. Ilinichukua asubuhi moja.

Spindeli, yaani mota inayozungusha kisu cha kukatia, ni ya kilowati 2.2 na inapozwa kwa maji kutoka kwenye ndoo, na ninairidhia bila kinyongo, ila kibadilisha masafa kinachoiendesha kinataka macho makali. Kinapoonyesha hezi 400 spindeli inazunguka mara 24,000 kwa dakika, na kwenye hezi 300 inazunguka mara 18,000. Muuzaji aliniletea changu kikiwa kimewekwa masafa ya msingi ya hezi 50, kana kwamba kingeendesha pampu ya kisima, na kama ningewasha bila kusoma mipangilio, spindeli ingepokea volti zote ikiwa bado inazunguka polepole na nyaya zake za ndani zingeungua. Basi someni kwanza, ndipo muwashe.

Kwa upande wa pleksi, siri yote iko kwenye kisu cha kukatia, kile ambacho wengi wetu tunakiita freze. Zile zinazokuja bure ndani ya sanduku zina meno mawili, na zinafaa mbao. Pleksi inaanza kulainika ikikaribia nyuzi 100 za selsiasi, kwa hiyo freze inapaswa kuling'oa joto na kulirusha nje pamoja na chembe. Kwa mizunguko 18,000 na mwendo wa milimita 1,800 kwa dakika, freze ya jino moja inang'oa sehemu ya kumi ya milimita kila inapozunguka. Ukiweka ya meno mawili kwa mwendo huohuo, kila jino linapata nusu ya hapo, linasugua badala ya kukata, na plastiki inayeyuka na kujifunga juu ya chuma kama bugali ulioshika sufuria. Tazameni hapa mezani: chembe hizi ni kavu, nyeupe, kubwa kama chumvi ya mawe. Mkiona nyuzi zinazonata, simamisheni kazi. Ulizeni pia kama pleksi mnayouziwa imemiminwa kwenye kalibu au imesukumwa na mashine, kwa sababu ya pili ni ya bei nafuu zaidi lakini huyeyuka mapema.

PVC na alukobond hazina shida. Niseme tu kwamba PVC ndiyo iliyonizuia kununua mashine ya leza, kwa kuwa ikichomwa hutoa gesi ya asidi inayokula vyuma na mapafu.

Sasa kisanduku. Mashine ya bei ya chini kuliko hii huongozwa na kompyuta ya mezani, na umeme ukikatika katikati ya kazi, kompyuta inazimika na kusahau ilikofika. Hii inasoma kazi kutoka kwenye flashi, na ukatikapo umeme inahifadhi mahali ilipoishia. Nilidhani hayo ni maneno ya wauzaji hadi siku nilipokuwa nikikata msalaba wa kijani wa duka la dawa, pleksi ya milimita nne, mama mwenye duka akiwa ameketi pale kwenye stuli. Ilikuwa imemaliza pembe ya tisa kati ya kumi na mbili, chumba kikanyamaza.

“Fundi, sasa imeharibika?” akaniuliza.

“Hapana, Mama. Tunangoja.”

Nilizungusha skrubu ya juu kwa mkono hadi freze ikatoka ndani ya pleksi. Umeme uliporudi, niliirudisha mashine kwenye swichi zake za mwanzo, zile zinazoionyesha sifuri yake iko wapi, ili ijipime upya, kisha nikakubali swali lililoonekana kwenye kisanduku kwamba iendelee. Ikaendelea. Bila zile swichi kumbukumbu hiyo haina maana, kwa hiyo msikubali kuuziwa mashine isiyo nazo.

Kasoro yake kubwa niliigundua wiki iliyofuata, volti ziliposhuka bila umeme kukatika kabisa. Kibadilisha masafa kilijizima, spindeli ikasimama, lakini mota za kusogeza ziliendelea kutembea na kuivunja freze ndani ya bamba, kwa sababu hakuna waya uliounganisha visanduku viwili hivyo. Kibadilisha masafa kina tundu la kutoa ishara ya hitilafu, na kisanduku kina tundu la kupokea amri ya kusimama. Nyaya mbili fupi zilimaliza jambo hilo, nami sielewi kwa nini hazikuwekwa kiwandani.

Ule msalaba uko hapa kwangu leo kwa ajili ya kubadilishiwa taa. Ninasogeza kamera karibu: pale mkato ulipoungana kuna mstari mwembamba kama unywele, chini ya pembe ya tisa. Kwa kidole unausikia. Mama mwenye duka bado hajauona.