Guardado au Herrera: kiungo yupi umpe nafasi katikati ya timu ya taifa ya Mexico?

Tarehe 17 Juni 2018, jijini Moscow, Mexico iliifunga Ujerumani 1-0. Sifa zikaenda kwa mfungaji, Hirving Lozano. Lakini jasho la katikati lilikuwa la Andrés Guardado na Héctor Herrera.

Guardado alianza kama winga wa kushoto Atlas, timu ya kwao Guadalajara, kisha akaenda Deportivo La Coruña ya Hispania mwaka 2007. Kilichomwongezea miaka ni PSV, klabu ya Uholanzi: kocha Phillip Cocu alimhamishia katikati, naye akatwaa ubingwa wa Uholanzi mara mbili mfululizo, 2015 na 2016. Mbio zilipopungua, akili ikachukua nafasi yake. Ndiyo maana amekwenda Kombe la Dunia mara 5, kuanzia 2006 hadi 2022. Si wengi wanaofika huko.

Herrera, mzaliwa wa Tijuana, alikuwa mapafu ya timu. Alikaba, alipokonya, na sekunde chache baadaye alikuwa langoni kwa mpinzani. Aprili 2018, akiwa nahodha wa Porto ya Ureno, aliwapiga wapinzani wao Benfica kwao dakika ya 90 kwa shuti kali. 1-0, na mwezi uliofuata ubingwa ukaenda Porto. Ana pia dhahabu ya Olimpiki 2012. Akiwa Atlético Madrid alibeba ligi ya Hispania ya 2021, ingawa mara nyingi alisugua benchi.

Kwa umri mrefu wa soka, Guardado hana mjadala. Ila mechi ikiwa ngumu, ugenini, zimebaki dakika kumi? Mimi nampanga Herrera.