Inzi wa Ndizi Mbivu au Viwavijeshi Vamizi katika Kuchunguza Ekidisoni

Wanafunzi wa baiolojia wa Mbeya na Iringa huuliza ni mdudu yupi, kati ya inzi wa ndizi mbivu (Drosophila) na kiwavijeshi vamizi, anayeonyesha vizuri zaidi jinsi ekidisoni, homoni ya steroidi inayotawala kujivua gamba, inavyoongoza mgawanyiko wa seli.

Kwa gharama, inzi wa Drosophila anashinda, kwani chupa, pamba na ndizi mbivu vinatosha, ilhali viwavijeshi hulana na kila mmoja huhitaji kikopo chake. Baridi ya nyanda za juu huwachelewesha wote: inzi anayekomaa kwa siku 10 hivi katika nyuzijoto 25 huchukua karibu mara mbili katika 18.

Uhakika una uzito zaidi. Ndani ya buu wa Drosophila, seli zitakazojenga ngozi ya fumbatio la mdudu mzima husubiri bila kugawanyika, kisha wimbi la ekidisoni mwanzoni mwa hatua ya pupa, iliyo kati ya buu na mdudu mzima, huziamsha zigawanyike upesi. Kwangu huu ni ushahidi mzuri mno. Hata hivyo, homoni yenyewe ni haba: mwaka 1954 wanasayansi Butenandt na Karlson walipata miligramu 25 tu kutoka kilo 500 za pupa wa nondo wa hariri. Kwa hiyo anayetaka kuchota damu na kupima homoni atafaidika na umbo kubwa la kiwavi, na mwenye darubini nzuri ya kutazama seli afuge inzi.