Pydub au kuiita FFmpeg moja kwa moja?

Pydub, maktaba ya Python ya kushughulikia sauti, ni rahisi kuandika: mistari miwili tu na faili la WAV limegeuka MP3. Lakini huipakia sauti yote kwenye kumbukumbu. Saa moja ya stereo ya biti 16 kwa hezi 44,100 ni takriban megabaiti 635, na kwenye seva ndogo programu inaweza kukatwa ghafla bila maelezo. Tena kuna mtego mbaya zaidi: usipotaja umbizo kwenye export (amri ya kuhifadhi faili), Pydub huandika MP3 hata kama jina la faili linaishia na .wav. Kichezeshi hulifungua vizuri, kisha maktaba nyingine inalikataa, nawe unasaka kosa mahali pasipo na kosa.

Kuiita mwenyewe FFmpeg, programu ya mstari wa amri ya kugeuza sauti na video, kunataka amri ndefu, ila husoma sauti kipande kwa kipande, na ujumbe wake kwenye stderr, njia ya ujumbe wa makosa (tafadhali usiutupe), mara nyingi hutaja kilichoharibika. Ukiilisha data ghafi (sauti isiyo na maelezo yake ndani ya faili), weka -f (umbizo), -ar (kasi ya sampuli) na -ac (idadi ya chaneli) kabla ya -i, inayotaja faili la kusoma. La sivyo, sauti ya hezi 44,100 ikisomwa kama 48,000 hukimbia na kuwa nyembamba.

Kwa klipu fupi, Pydub inatosha kabisa. Kwa rekodi ndefu, mimi huchagua FFmpeg bila kusita.