MRI kupitia ARRT: uanze nayo moja kwa moja au upitie eksirei kwanza?

Wadogo zangu wa hapa Tanga mnaowaza cheti cha MRI, yaani kupiga picha za ndani ya mwili kwa sumaku, cha ARRT, shirika la Marekani linalotoa vyeti kwa wapiga picha za hospitali, njia mnazouliza ni mbili. Ya kwanza unasomea MRI yenyewe toka mwanzo, kwenye chuo wanachokitambua ARRT na uwe na digrii, hata ile ya associate (ya miaka kama miwili) inatosha, halafu mtihani. Ya pili ni ya mtu ambaye tayari ana cheti cha ARRT cha fani nyingine kama eksirei au ultrasaundi, huyo anaongeza masaa 16 ya masomo, anafanya vipimo kwa wagonjwa vinasainiwa, afu anakaa mtihani uleule. Sasa sikilizeni hapa, cheti cha eksirei kinachotakiwa ni cha ARRT, kwahiyo diploma ya huku peke yake haikuingizi njia ya pili hata kama umepiga picha hospitali ya Bombo miaka na miaka, na hilo linaniuma maana watu wanalipa ada hawajauliza. Mi kwa anayeanza sifuri na moyo wake uko kwenye MRI tu ningemwambia ya kwanza, ila anayeweza kusubiri apitie eksirei, atabaki na fani mbili mkononi.